Viunga vya Masetla ni Kumbukumbu Yetu

Mhadhara wa wazi uliotolewa mjini Iringa

 

Nimeombwa nizungumzie mashamba makubwa ya enzi ya ukoloni katika Nyanda za Juu Kusini. Nitawaomba tuache kwanza hesabu za chai na kahawa, tutazame ardhi yenyewe ilivyopangwa: nyumba ilipowekwa, miti ilipopandwa, maji yalikoelekezwa, kambi za wafanyakazi zilikojengwa. Mpangilio huo bado upo. Unauona Mufindi, unauona Rungwe, unauona kando ya barabara kuu kuanzia Ifunda hadi Mafinga.

Hoja yangu naitaja mapema ili mnipime nayo. Viunga hivi, yaani mashamba hayo na mpangilio wake, ni hati za historia yetu, zenye uzito sawa na majalada yaliyomo katika Nyaraka za Taifa. Vinapotea kwa kasi, na vikipotea, wa kwanza kusahaulika atakuwa babu yetu aliyevichimba, wala si mzungu aliyevimiliki. Basi tuvitunze, na tuvitunze kwa majina ya wote walioviumba.

Tunachoweza kujifunza Ayalandi

Wapo waliotutangulia katika njia hii. Huko Ayalandi, kwa karne nyingi, ardhi nyingi ilikuwa mikononi mwa mabwanyenye wachache, wengi wao wa ukoo wa Kiingereza. Bwanyenye alijenga jumba la mawe, akalizungushia bustani, akachimba ziwa, akapanda msitu, akatengeneza njia ndefu yenye miti pande zote mbili. Kisha akajenga ukuta. Wapangaji waliolima viazi ng'ambo ya ukuta ndio waliolipa kodi iliyotunza maua ya ndani.

Njaa kuu ilipoingia mwaka 1845, mpango huo ulionyesha sura yake yote. Katika shamba la Strokestown, jimbo la Roscommon, mwenye shamba Denis Mahon aliwaondoa wapangaji wake kwa mamia, wengi akawasafirisha kwa meli kwenda Kanada. Mwezi Novemba 1847 alipigwa risasi akafa. Miaka zaidi ya 70 baadaye, kati ya 1920 na 1923, katika vita vya uhuru na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata, majumba zaidi ya 200 ya mabwanyenye yalichomwa moto.

Watu wenye uchungu kiasi hicho wangeweza kufyeka kila kilichobaki, na pengine pasiwe na wa kuwalaumu. Lakini tazameni walichofanya. Shamba la Muckross, karibu na mji wa Killarney, lilitolewa kwa taifa mwaka 1932, likawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya nchi hiyo. Strokestown nayo leo ina makumbusho ya njaa kuu, yaliyofunguliwa mwaka 1994, na hazina yake ni makaratasi ya ofisi ya shamba lenyewe, yakiwemo maombi ya wapangaji waliokuwa wakililia chakula. Mgeni anaona bustani, kisha anasoma barua ya mtu aliyekufa kwa njaa nje ya ukuta wa bustani hiyo. Vyote viwili viko mahali pamoja, na hakuna kinachomficha mwenzake.

Ardhi haikuwa tupu

Tukirudi kwetu, jambo la kwanza la kusahihisha ni ile dhana kwamba masetla walikuta pori. Walikuta nchi iliyokwisha kupangwa.

Hapa jirani, Kalenga, kando ya Mto Ruaha Mdogo, Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijenga ngome ya ukuta wa mawe na udongo. Baada ya Wahehe kulishinda jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, ngome hiyo ndiyo iliyokuwa moyo wa dola, hadi Wajerumani walipoiangusha tarehe 30 Oktoba 1894. Kuta zake, malango yake na makazi yake yalikuwa kazi ya watu waliojua kupima ardhi.

Katika mabonde ya Uhehe na Ubena walikuwepo wakulima wa vinyungu. Kinyungu ni bustani ya bondeni, inayolimwa kiangazi kwenye udongo unaohifadhi maji, kwa matuta na vijifereji vinavyotoa maji ya ziada na kubakiza unyevu. Ni elimu ya maji iliyokamilika, na mpaka leo ndiyo inayolisha kaya nyingi miezi ambayo mashamba ya juu yamekauka. Ubena ulikuwa na misitu ya matambiko kama Nyumbanitu, ambayo hakuna aliyethubutu kuikata hata kabla ya kuwepo bwana miti wa serikali. Na Joseph Thomson, mpelelezi wa Kiskoti aliyepita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, aliusifu mno uzuri wa vijiji vya Unyakyusa, usafi wake na migomba yake.

Nchi hiyo ndiyo iliyoitwa tupu kwa kalamu. Amri ya Kaiser ya tarehe 26 Novemba 1895 ilitangaza ardhi yote isiyothibitishwa kuwa na mwenyewe kuwa mali ya dola ya Ujerumani. Mkulima asiye na karatasi angethibitishaje? Waingereza walipokuja, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliiweka ardhi yote chini ya mamlaka ya Gavana, na setla akapewa haki ya kuitumia kwa muda unaofika miaka 99. Yule mkulima wa vinyungu alibaki akiitumia ardhi ya babu yake kwa hisani.

Masetla walivyokuja

Wajerumani ndio waliotangulia. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, mashamba yao yalitaifishwa kama mali ya adui, nao wakafukuzwa. Kuanzia mwaka 1925 waliruhusiwa kurudi, na wengi walielekea Iringa, Dabaga na Mufindi, ambako baridi na ukungu viliwakumbusha kwao. Mwaka huohuo Lord Delamere, kiongozi wa masetla wa Kenya, aliitisha mkutano Tukuyu, uliowakutanisha masetla kutoka Kenya, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na hapa Tanganyika. Ndoto yao ilikuwa kufanya nyanda za juu, kutoka Kenya hadi Rhodesia, ziwe nchi moja ya wazungu. Katika miaka ya 1930 Lord Chesham naye alianzisha mpango wa kuwaleta Waingereza wakae kwenye mashamba ya upande wetu huu.

Ndoto ile haikutimia. Vita ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Wajerumani walikamatwa na mashamba yao yakawekwa chini ya mtunza mali za adui. Chai ya Mufindi ikaangukia mikononi mwa kampuni ya Brooke Bond. Ifunda, na Kidugala kule Njombe, zikawa kambi za wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto waliopitia kazi za shuruti kule Urusi. Ndani ya miaka hamsini, ardhi moja ilikwisha kupita mikononi mwa Mhehe, Mjerumani na Mwingereza, na kila mmoja aliacha alama juu ya alama ya mwenzake.

Jinsi ya kukisoma kiunga

Sasa twendeni pamoja, kwa fikra, kwenye kiunga cha setla ambaye nyumba yake imekwisha kuanguka. Viko vingi vya namna hiyo. Mabati yakiezuliwa, kuta za tofali mbichi huyeyuka kwa mvua za misimu michache. Milango na madirisha huhamia kijijini. Miti inabaki, na miti inasema.

Kwanza utaona mstari. Milingoti au misaipresi iliyosimama kwa safu mbili zilizonyooka, katikati pana nafasi ya gari moja kupita. Hiyo ilikuwa njia ya kuingilia, na ukiifuata itakupandisha mgongoni mwa kilima, kwani setla alitaka kuona mbali na kuonekana kwa mbali. Mwishoni mwa mstari pana uwanja uliosawazishwa. Udongo uliochimbwa upande wa juu umejazwa upande wa chini, na kazi hiyo yote ilifanywa kwa jembe na karai. Kando ya uwanja utakuta mijakaranda, mifyulisi na mipeasi iliyozeeka, na ua wa michongoma ulioachwa ukawa kichaka.

Tafuta mfereji. Mara nyingi unaanzia kwenye kijito kilicho juu, kilomita kadhaa, ukifuata ubavu wa kilima kwa mteremko mdogo sana ili maji yasikimbie wala yasisimame. Mhandisi wa leo angeutandika kwa vipimo. Walioutandika wakati ule waliutandika kwa macho, kwa kumwaga maji na kutazama yanakokwenda, elimu ileile ya vinyungu. Kitabu kilichoandikwa Ulaya kitasema kwamba Bwana Fulani alichimba mfereji. Bwana Fulani hakushika jembe.

Halafu shuka upande wa pili, ule ambao nyumba kubwa haikuuelekea. Huko ndiko ilikokuwa kambi. Utazijua sehemu za kambi kwa majivu mazito katika udongo, vipande vya vyungu na miti ya matunda iliyoota bila mstari. Walikaa huko Wahehe, Wabena, Wakinga na wengine, waliosukumwa na kodi kutafuta fedha. Kila mmoja alikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Jioni mnyapara alitia alama kwa aliyemaliza kazi aliyopimiwa. Asiyemaliza hakupata alama, na siku yake ikapotea kana kwamba hakuamka. Mnaposimama chini ya ile milingoti mirefu, kumbukeni kwamba kila mche ulipandwa na mtu aliyekuwa akihesabu siku za kipande.

Hii ndiyo sababu nasema viunga ni hati. Nyumba ilijengwa iwe picha ya bwana. Mpangilio mzima wa ardhi, njia na mfereji na kambi, unaonyesha uhusiano wake na watu, na ushahidi huo hakuukusudia.

Mufindi na Rungwe

Mufindi ndiko kwenye mandhari kubwa kuliko zote. Mmeiona wenyewe: chai inayofunika vilima hadi macho yachoke, na katikati ya chai mikanda ya msitu wa asili inayoshuka na vijito hadi kwenye ngazi ya mlima inayotazama Bonde la Kilombero. Mche wa chai ukiachwa peke yake huwa mti mrefu. Unabaki kiunoni kwa sababu mikono huurudia kila baada ya siku chache, ikichuma majani mawili na kichipukizi chake, na kwa sababu kila baada ya miaka kadhaa hupogolewa. Kwa hiyo ule uso laini wa kijani, ambao wageni huupiga picha, ni kazi ya mikono iliyorudiwa tangu enzi ya bibi zetu, ijapokuwa siku hizi mashine zimeingia mashambani.

Nyuma ya chai ipo milingoti ya kuni, maana jani halikauki kiwandani bila moto. Yapo mabwawa, kwa kuwa Mufindi ina kiangazi kirefu na chai hulilia maji. Na ipo ile mikanda ya msitu, ambayo si pambo. Ndiyo inayotunza vyanzo vya mito inayoshuka Kilombero, na Mto Kihansi, unaoendesha mitambo yetu ya umeme, unapata maji yake katika nyanda hizi. Mashamba yamebadilisha wenyewe mara kadhaa, kutoka Brooke Bond kwenda Unilever na baadaye kwa wengine. Kila hati inapohamia mkono mpya, hatima ya msitu huo na mabwawa hayo inawekwa mezani upya.

Rungwe ina somo la namna nyingine. Wamishonari wa Moravian walifika mwaka 1891. Pale Kyimbila, karibu na Tukuyu, mmishonari Adolf Stolz alikusanya mimea kwa bidii kubwa kati ya 1907 na 1914, na wataalamu wa Ulaya wakaipa mimea mingi jina lake. Miti na maua ambayo Wanyakyusa walikuwa na majina yake tangu zamani ikaingia vitabuni kama ugunduzi wake. Walioijua misitu na kumwonyesha njia hawakupewa hata mche mmoja wenye majina yao.

Lakini ni Rungwe hiyohiyo ambako baada ya uhuru chai ilitoka nje ya uzio. Serikali iliwahimiza wakulima wadogo kuipanda, na leo ukisimama Katumba utaona ploti ya chai, migomba, parachichi na nyumba ya mkulima katika kipande kimoja cha ardhi. Hakuna jumba juu wala kambi chini. Aliyepanda analala papo hapo. Mandhari hiyo nayo ni ya kihistoria, na ina haki ya kutunzwa na kuelezwa kama ile ya Mufindi.

Nani mrithi?

Najua swali lililo mioyoni mwa baadhi yenu, na ni swali la haki: kwa nini tutunze kumbukumbu za waliotunyang'anya?

Nalijibu hivi. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu cha "Mali ya Taifa", akipinga ardhi kugeuzwa bidhaa ya kumilikiwa milele na mtu mmoja. Mwaka 1963 Bunge lilifuta umilikaji wa milele uliorithiwa kutoka kwa Wajerumani. Tangu siku hiyo, mfereji ule, njia ile na mikanda ile ya msitu ni vyetu kisheria. Mrithi halali hatupi hati za urithi kwa sababu hampendi aliyeziandika.

Na katika walioandika, wapo waliogeuka. Marion Chesham, Mmarekani mzaliwa wa Philadelphia, alikuja Iringa kama mke wa yule Lord Chesham. Mumewe alifariki mwaka 1952, naye akabaki. Katika uchaguzi wa kura tatu wa 1958 na 1959 alisimama akiungwa mkono na TANU, akaingia Baraza la Kutunga Sheria kwa upande wetu wa Iringa. Alichukua uraia wa nchi hii na kuitumikia katika maendeleo ya vijiji hadi mwisho wa maisha yake mwaka 1973. Historia ya viunga hivi ina watu wa kila namna, na kuifuta yote kwa mkono mmoja ni kuwafuta hata walio wema.

Tufanye nini

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo na maeneo ya kabla ya mwaka 1863. Viunga vyetu vya masetla nilivyovitaja leo ni vya baada ya hapo, na ngome ya Kalenga vilevile. Kalenga imekuwa makumbusho, na fuvu la Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, likapata mahali pa kukaa. Kwa vilivyobaki, sheria inampa Waziri mamlaka ya kuvitangaza. Waziri hawezi kutangaza kisichoorodheshwa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni orodha. Kila halmashauri, kuanzia Iringa, Mufindi, Mbeya na Rungwe, ikae na serikali za vijiji, iandike viunga vilivyopo: njia za miti, mifereji, mabwawa, kambi, makaburi ya wakubwa na ya wafanyakazi.

Kazi ya pili ni makaratasi. Ofisi nyingi za mashamba zina au zilikuwa na daftari za mishahara, ramani na barua. Daftari la mishahara huenda ndilo mahali pekee ambapo jina la babu yako limeandikwa. Makaratasi haya yasichomwe shamba linapouzwa. Yapelekwe Nyaraka za Taifa, au yapate hifadhi katika makumbusho ya Boma hapa Iringa, yaliyofunguliwa mwaka 2016, na vyuo vyetu viyasome.

Kazi ya tatu ni wazee. Waliochuma chai miaka ya 1950 wamebaki wachache. Walimu wa historia, wapeni wanafunzi wenu kazi ya kuwahoji kabla ya likizo ijayo kwisha: nani alichimba, nani alikuwa mnyapara, kambi iliitwaje, nani alizikwa wapi.

Kazi ya nne ni mikataba. Shamba linapobadilisha mwenyewe, masharti ya hati yaseme wazi kwamba msitu wa asili, vyanzo vya maji na miti ya kihistoria havikatwi. Mwekezaji mwema hataogopa sharti hilo.

Ndugu zangu, hakuna kati ya hayo linalohitaji mfadhili kutoka nje ili lianze. Yanahitaji mwenyekiti wa kijiji, mwalimu, mzee mwenye kumbukumbu na kijana mwenye daftari. Nanyi mmejaa ukumbi huu. Mkirudi Mufindi, Kilolo, Tukuyu na Mbalizi, anzeni na kiunga kimoja kilicho karibu nanyi, na jina la kwanza mtakaloliandika liwe la aliyeshika jembe.